Kopo la maziwa na mikaratusi ya baba

Ukisimama juu ya mawe ya kilima chetu huku Magu, Ghuba ya Speke yote iko mbele yako, maji mpaka macho yachoke. Nyuma yako miti inakauka. Wageni hutushangaa: ziwa lote lile, mnalia ukame? Lakini ziwa liko chini na sisi tuko juu ya mwamba. Udongo wetu ni kichanga, na ukichimba kimo cha kiuno jembe linagonga jiwe. Tangi la msitu wetu ni hicho kichanga. Kilichoingia wakati wa masika ndicho kinachonywewa mpaka vuli.

Ninaposema msitu, nisikuze mambo. Ni ekari tatu: mikaratusi aliyopanda marehemu baba ili auze mirunda, na chini bondeni miti ya asili michache imezunguka chemchemi yenye mkuyu mkubwa. Chemchemi hiyo ilinywesha kaya sita. Vuli ikakatika mapema, masika ikaja nyembamba, na ilipofika Agosti ndoo ikawa inakwaruza mchanga.

Vuli iliyofuata mvua ilinyesha. Siyo nyingi, lakini ilinyesha mara kwa mara, tukashukuru. Chemchemi haikurudi. Hapo ndipo nilipoanza kusumbuka: maji yanaenda wapi?

Nilichukua makopo manne ya maziwa ya unga, yale yenye ukuta ulionyooka, nikaweka moja uwanjani na matatu chini ya mikaratusi. Asubuhi napima kina kwa rula ya mtoto wa shule. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kwa ekari nzima ni kama lita 4,000. Mwanzoni nilitumia kopo moja tu msituni na nikajidanganya, maana lilikaa chini ya tawi linalochuruzika likaonyesha maji mengi kuliko la uwanjani! Ndiyo sababu ya matatu, na kila siku nayahamisha.

Mvua ya milimita 3 uwanjani ilinipa 1 msituni. Ya milimita 28 ilinipa 24. Niliyaangalia yale matarakimu kwa muda mrefu. Majani na magome hulowana kwanza, na kinachobaki juu yake hurudi angani jua likichomoza bila kugusa ardhi. Mvua kubwa haijali hasara hiyo. Mvua ndogondogo huliwa karibu yote, na ukame wetu ulikuja kwa sura hiyohiyo, manyunyu mengi yasiyo na kitu. Nikachimba shimo siku moja baada ya mvua: shubiri moja ya juu imelowa, chini yake vumbi. Mizizi inafyonza kabla maji hayajashuka kufika kwenye mwamba, yakateremka bondeni.

Mti nao si mjinga. Udongo ukikauka hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, na mininga yetu hupukutisha majani kabisa. Mkaratusi haupukutishi hivyo. Unabaki kijani na kuendelea kunywa kadiri mizizi inavyofika. Ndani ya ekari moja na nusu ya mikaratusi tulikuwa na mamia ya miti inayogombania chungu kimoja.

Nilimwendea baba mdogo nikamwambia nataka kukata nusu. Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, mwaka 2006 ziwa lilirudi nyuma mpaka mitumbwi ikalala kwenye matope, na miti hii hatukuigusa. Leo unataka kukata kwa sababu ya kopo?" Sikubishana. Kesho yake, mvua ilipopita, nilimwita tukapima pamoja. Akashika rula mwenyewe, akapima makopo yote manne mara mbili, kisha akaniuliza tutauza mirunda kwa nani.

Tulipitia kwa mtendaji wa kijiji kwanza, tukakata Januari, tukianza na ile iliyo karibu na bonde. Mkuyu hatukuugusa, wala hakuna aliyethubutu kuutaja. Matawi na majani tukayatandaza chini badala ya kuyachoma, ingawa majirani waliona uvivu. Kazi yenyewe ilikuja baadaye: visiki vya mkaratusi huchipua, na kila kisiki hutoa vijiti vitano sita vyenye kiu kuliko mama yao. Nilipita na panga kila baada ya wiki tatu mpaka mkono ukawa na sugu.

Masika ilikuwa ya kawaida, si ya ajabu. Shimo langu la pili lililowa mpaka kwenye jiwe. Mwezi Mei mchanga wa chemchemi ulianza kung'aa, na kufikia Juni ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika tisa. Zamani zilikuwa nne. Sehemu gani ni panga langu na sehemu gani ni mvua, siwezi kuapa.

Kitu kimoja kiliniuma. Mininga miwili iliyovumilia kiangazi chote ilikauka wakati mvua imesharudi. Mti ukivutwa sana na kiu, hewa huingia kwenye mirija yake ya maji, na mirija hiyo haipandishi maji tena hata udongo ukijaa. Niliikwangua magome nikitafuta kijani, nikaipa msimu mmoja zaidi. Bado imesimama, mikavu, na ndege wameanza kujenga humo.