Soketi ileile, na bado haikuwaka

Napiga na kuhariri video za harusi. Chumba changu cha kazi kiko Kirumba, Mwanza, na ziwa haliko mbali, kwa hiyo nikisahau dirisha wazi msimu wa wale wadudu wa ziwani, asubuhi naikuta feni ya kompyuta imepakwa kitu kama uji wa ulezi uliokauka. Mashine iliyostaafu mwezi uliopita imekula sana uji huo. Ila sikuibadilisha kwa sababu ya wadudu. Nilichoka kusogeza video sekunde tano mbele na kusubiri dakika nzima, huku mama wa bibi harusi akipiga simu kila jioni: "Mwanangu, video yetu imefikia wapi?"

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Mashine ilikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, Core i5 ya kizazi cha 6, kwenye bodi mama ya H110. Sokoni Makoroboi nikakuta prosesa ya mtumba, i5-8400, elfu tisini. Muuzaji akaigeuza, akanionyesha chini. "LGA1151 hii, kaka. Soketi yako hiyohiyo." Na hakusema uongo. Soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye bodi, na ilikaa vizuri kabisa, mkono wa chuma ukafunga, feni zikazunguka, skrini giza. Nilihangaika hadi saa nane za usiku, nikichomoa ramu (kumbukumbu ya kompyuta) na kuirudisha.

Kesho yake fundi wangu wa mtaa wa Rwagasore alicheka kwanza ndipo akanieleza. Intel walipotoa kizazi cha 8 mwaka 2017 waliliacha umbo la soketi kama lilivyo, ila wakabadili kazi za baadhi ya pini, na prosesa hizo zikataka chipuseti (chipu za bodi zinazoongea na prosesa) za mfululizo wa 300, si H110 yangu. Soketi ni bibi harusi, chipuseti ndio wakwe. Muuzaji alikataa kurudisha hela. Akanipa flashi ya GB 64 na pole.

Safari ya pili nilianzia kabatini kwangu badala ya dukani. Nina vijiti viwili vya ramu ya DDR4, GB 8 kila kimoja, vizima. Kadi ya picha sina. Na kamera yangu inarekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, aina ya video iliyobanwa ambayo ni kazi nzito kuifungua, ambayo ndiyo iliyokuwa inaiua mashine ya zamani.

Mpwa wangu, ambaye hucheza gemu kuliko anavyosoma, alikuwa na jibu tayari. "Mjomba, achana na Intel, chukua AM5, soketi ya wapinzani wao AMD. AMD wameahidi kuiendeleza mpaka 2027 na zaidi." Ni kweli, na ningekuwa naanza mikono mitupu ningemsikiliza. Lakini AM5 inapokea ramu ya DDR5 tu, inayofuata DDR4, na soketi mpya ya Intel, LGA1851, vilevile, na hapo vijiti vyangu vingegeuka mapambo. AM4, soketi ya AMD ya kabla ya hiyo, inakula DDR4 na imeishi muda mrefu kuliko soketi nyingi, ila kilichonivuta Intel ni kamera: sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa zao tangu kizazi cha 11 inaifungua video ya aina ile bila kuitesa mashine.

Ikabaki LGA1700, soketi ya Intel ya kabla ya LGA1851. Hapa macho yawe wazi, maana soketi hii ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na majina yao yanaweza kutofautiana kwa herufi mbili za mwisho. Pengo la ramu haliko mahali pamoja, huwezi kulazimisha. Nikachagua bodi ya B760 ya DDR4 yenye nafasi nne za ramu (ile H610 ya bei nafuu niliyooneshwa ilikuwa na mbili), na prosesa i5-12400. Si 12400F! Herufi F maana yake haina sehemu ya picha, na mimi bila kadi ningerudi kwenye giza langu. Najua soketi hii imefika mwisho wa ukoo wake. Sawa tu, sijawahi kubadilisha prosesa ikafanikiwa.

Mzigo ulitoka Kariakoo kwa basi, nikaupokea stendi ya Nyegezi. Nyumbani, kabla ya kugusa prosesa, nilimulika soketi kwa tochi ya simu kutokea ubavuni. Pini 1,700 zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Iliyopinda huonekana kwa sababu mng'ao unakatika hapo. Haukukatika popote. Nikalinganisha pembetatu za pembeni, nikaiachia prosesa ikae yenyewe, nikashusha mkono wa chuma. Unakaza kweli, na unalia kama mfupa wa sangara unaovunjika. Fundi alikuwa ameshanionya, na bado nilifumba macho.

Iliwaka mara ya kwanza. Nikaizima, nikaenda kufunga dirisha, nikaiwasha tena kuhakikisha.