Adhabu isiyo na tarehe

Mjomba wangu, ambaye siku hizi hatoki sana nyumbani kwake Makorora kwa sababu ya magoti, alikuwa mzee wa baraza katika Mahakama Kuu hapa Tanga kwa miaka kadhaa. Kwa wasioijua kazi hiyo, kesi ya mauaji ya kukusudia ilikuwa ikisikilizwa na jaji akiwa pamoja na raia wawili au watatu wasio wanasheria. Mwishoni kila mmoja wao alitoa maoni kama mshtakiwa ana hatia au hana, ingawa jaji hakufungwa na maoni hayo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kuwa nao au kutokuwa nao ni hiari ya jaji, na Mjomba hulizungumzia jambo hilo kama mtu aliyekwenda kunywa maji akarudi na kukuta kiti chake kimekaliwa.

Kesi anayoirudia mara kwa mara tukizungumzia adhabu ya kifo ni ya majirani wawili wa upande wa Pangani waliogombea mpaka wa shamba la minazi. Mmoja alifika shambani alfajiri na panga, na mwenzake hakurudi nyumbani. Wakili wa utetezi alijitahidi kuonyesha kwamba mteja wake alichokozwa, akapandwa na ghadhabu pale pale, lakini kijana mmoja wa nyumba ya tatu alieleza kwamba usiku uliotangulia alisikia panga likinolewa kwenye jiwe kwa muda mrefu, likaacha, likaanza tena. Mjomba anasema kule kunoa kwa awamu ya pili ndiko kulikomaliza kesi. Wazee wote waliona ana hatia, na jaji akaona vivyo hivyo.

Baada ya hapo wazee hawakuulizwa neno lolote kuhusu adhabu, na kwa kweli hata jaji hakuwa na la kujiuliza. Kifungu cha 197 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinaweka adhabu moja tu kwa aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, nayo ni kifo, na njia ni kunyongwa. Mwanamke akithibitika kuwa mjamzito hufungwa maisha badala yake, na aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 hanyongwi; kwa wengine wote hakuna ngazi ya kushukia. Ajabu yake ni kwamba kosa la jirani kabisa, kuua bila kukusudia, lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha lakini inamruhusu jaji kushuka hadi miaka michache sana akiona inafaa. Kati ya makosa hayo mawili kuna mpasuko kama wa korongo, na mara nyingi kinachoamua mtu awe ng'ambo ipi ni ushahidi mwembamba kama ile sauti ya jiwe usiku.

Karandinga la gereza la Maweni lilipokuwa likisubiri, mama wa aliyehukumiwa alimshika karani mkono akamuuliza neno moja: "Lini?" Karani akamwambia bado kuna rufaa, akajiondokea. Haikupita saa moja, mjane wa marehemu, akiwa ameshikiliwa na dada zake, alimsimamisha Mjomba karibu na lango akamuuliza neno lilelile: "Lini, baba?" Mjomba akamjibu kwamba itatangazwa. Hilo ndilo jibu ambalo hadi leo hajajisamehe, maana tayari ulikuwa mwaka 2003, na hapa nchini hakuna mtu aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama tangu 1994.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu naona kinatoboa mjadala wetu mahali ambapo hoja za kawaida hazifiki. Tukibishana huwa tunadhani tunachagua kati ya kitanzi na kifungo cha maisha. Ukweli ni kwamba kitanzi kimekwisha kuachwa kwa vitendo, kikabaki kwenye karatasi. Mtu anahukumiwa kunyongwa, rufaa yake inakataliwa na Mahakama ya Rufani, kisha faili linasubiri saini ya Rais ambayo kwa zaidi ya miaka 30 haijamnyonga mtu. Hayati Rais Magufuli alilisema waziwazi Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu, kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa kwa sababu hataisaini. Kwa hiyo mfungwa yule amefungwa maisha, isipokuwa kila asubuhi anaamka akijua kwamba ni saini moja tu inayomtenga na kamba, na kwamba mwenye kalamu anaweza kubadilika baada ya uchaguzi wowote.

Mahakama zetu zenyewe zilikwisha kuliona tatizo. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka, katika shauri la Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, Makame, Ramadhani na Lubuva, walitengua uamuzi huo, na namna walivyoutengua ndiyo inayonishangaza kila ninapoisoma. Walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, inatweza utu wa mtu na haina ubinadamu, kisha wakasema kwamba hata hivyo inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki kwa maslahi ya umma. Siwabezi, walikuwa wanasheria wakubwa kuliko mimi kwa kila kipimo. Hata hivyo, raia wa kawaida akisoma kwamba jambo ni la kikatili na ni halali kwa pumzi moja, ana haki ya kuuliza ni maslahi gani hasa ya umma yanayolindwa na adhabu isiyotekelezwa.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Mwezi huohuo Serikali yetu ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikagusia adhabu hii katika mapendekezo yake. Wakenya, ambao kutoka hapa ni kuvuka mpaka wa Horohoro tu, waliondoa ulazima huo kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017, na Waganda walitangulia mwaka 2009.

Wanaotetea kitanzi mtaani kwetu hawana hoja dhaifu. Wanauliza kwa nini muuaji ale ugali wa kodi yao, nami sina jibu la kuwapendeza. Hoja inayosemwa kwa uzito zaidi Tanga, mji wa misikiti na madrasa, ni ya kisasi. Hapo naomba tuwe waangalifu, kwa sababu aya ya 178 ya Sura ya Baqara haiishii kwenye kisasi. Ndani ya aya hiyohiyo umo msamaha wa ndugu wa aliyeuawa, na yamo malipo ya diya yanayotolewa kwa wema, na mwenye kuchagua ni familia iliyofiwa. Sheria yetu ya jinai, ambayo Waingereza waliiandika hapa mwaka 1930, haina nafasi ya mambo hayo. Kesi ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Mjane wa Pangani alikuwa shahidi namba mbili, na baada ya kutoa ushahidi hakuwa na sauti nyingine: hakuombwa radhi wala kupewa diya, na hakuulizwa kama anataka yule mtu afe. Mwenye kusema kwamba kitanzi chetu ndicho kisasi cha dini amechukua kamba akaacha mlango uliokuwa kando yake. (Na kama ni ukongwe wa kamba pwani hii, tukumbuke kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa nao palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na hakuna aliyesema ule ulikuwa uadilifu.)

Msimamo wangu ni kwamba kifo kiondolewe kwenye kifungu cha 197 na kifungo cha maisha kiwe ndiyo adhabu ya juu, ila kifungo hicho nacho kisemwe ukweli. Kwa sasa neno "maisha" lina ukungu uleule. Mfungwa mwenye miaka ya kuhesabika hupata punguzo la theluthi akiwa na mwenendo mzuri. Wa maisha halimhusu, kwa kuwa hakuna theluthi ya kitu kisicho na idadi. Anachobaki nacho ni msamaha wa Rais kwa ibara ya 45 ya Katiba, ambao huja katika sherehe za Uhuru au Muungano kama mvua ya vuli, humnyeshea huyu na kumruka yule. Ningependa sheria iseme kwamba baada ya miaka fulani, tuseme 25, hukumu ipitiwe mbele ya jaji, na familia ya aliyeuawa iitwe isikilizwe kabla ya neno lolote kuamuliwa.

Yule mtu wa shamba la minazi hakunyongwa. Miaka mingi baadaye adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, mama yake akiwa amekwisha kufariki. Hakuna ofisi iliyomwarifu mjane. Aliambiwa na muuza samaki. Akapanda basi hadi Tanga, akamkuta Mjomba barazani, akaamkia, akakataa kiti, akauliza: "Maisha ni miaka mingapi, baba?" Safari hii Mjomba alimwambia hajui.

Pamoja na hayo, yeye hakubaliani nami. Anasema kamba ibaki sheriani, ila jaji aachiwe kuchagua, kwa sababu wapo waliowakata viungo watu wenye ualbino ili wakauze, na kwa hao hataki kusikia habari ya miaka 25. Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Aliponyanyuka kwa taabu kwenda kutawadha alisema tutaendelea Ijumaa, nimletee na maandishi ya ile hukumu ya Arusha, yachapwe kwa herufi kubwa.