Dumu la lita 20 na saa ya mkononi

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla jua la Dodoma halijaonyesha ukali wake, tunakutana watu tisa au kumi kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya nyumba ya jirani yangu huku Ilazo. Vifaa vyetu ni chuma kimoja cha kunyanyulia uzito, bomba lililofungwa kati ya miarobaini miwili, kamba za kuruka, benchi la mbao, na madumu ya lita 20 yaliyojazwa maji. Mazoezi yakiisha, maji hayo hunyweshewa miche ya miembe ya mwenye nyumba, maana katika mji huu hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwaga dumu la maji bure.

Wafanyakazi wenzangu pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, huniuliza kama haya ndiyo yale mazoezi ya kujiua wanayoyaona kwenye simu. Swali lao ni la haki, na kwa kuwa jibu langu limekuwa refu kuliko saa ya chakula cha mchana, nimeona niliandike.

Aina hii ya mazoezi ilipata umaarufu kupitia CrossFit, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2000 na Greg Glassman, mwalimu wa mazoezi wa California nchini Marekani. Ukiyavua matangazo yote, unabaki na mambo matatu: mijongeo ambayo mwili huitumia katika kazi za maisha, kazi inayobadilikabadilika, na ukali. Wengi huliona hilo la tatu peke yake, kwa sababu ndilo linalotoa jasho na picha. Mimi naamini ukali hauna ruhusa ya kuingia mlangoni kabla mjongeo haujakaa sawa na kabla mtu hajazoea kuja kila siku iliyopangwa. Hata walioanzisha mtindo huu walifundisha kwa mpangilio huohuo, ingawa ukitazama video zinazosambazwa huwezi kuuona.

Tuanze na mjongeo. Siku moja nilisimama kwenye foleni ya maji nikamtazama mama mmoja, mtoto mgongoni, akijitwika ndoo iliyojaa. Alichuchumaa, miguu ikiwa imepanuka kupita mabega kidogo, visigino vimekanyaga ardhi barabara. Aliivuta ndoo karibu kabisa na mwili hadi mapajani, akapumzika kidogo, kisha akaisukuma juu kwa nguvu ya nyonga wala si ya mikono. Na katika ule mpito mfupi ambapo ndoo huwa kama haina uzito, akaingia chini yake na kuipokea kichwani penye kata. Hapo ndipo nilipoelewa somo ambalo kocha wetu alikuwa amelirudia kwa miezi: nguvu inaanzia katikati ya mwili, kwenye nyonga na kiuno, halafu inasafiri kwenda mikononi, na kitu kizito hubebwa karibu na mwili. Wanyanyua vyuma wa Olimpiki hufanya jambo linalofanana sana na hilo, isipokuwa wao hawana mtoto mgongoni.

Sisi tunaokaa kwenye viti vya ofisi tumeupoteza ujuzi huo. Mwambie karani wa miaka 35 achuchumae hadi chini, utaona visigino vinainuka, magoti yanagongana, na mgongo unajikunja kama wa paka aliyekutana na mbwa. Huyu hahitaji uzito wala saa. Anahitaji wiki kadhaa za kuchuchumaa akiwa ameshikilia nguzo, akijifunza kurudisha makalio nyuma na kuyasukuma magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Ni kazi isiyo na sifa, na ndiyo maana wengi huiruka.

Mimi niliiruka. Mahali pa kwanza nilipojiandikisha, ambapo sitapataja, mwalimu aliniwekea kilo 60 sakafuni katika wiki yangu ya kwanza, akaniamuru niinue mara 30 huku akihesabu kwa sauti. Nilipofika ya kumi na kitu mgongo ulikuwa umeshapinda, naye akapiga makofi na kusema, "Kaza, kaka, usilegee!" Kwa majuma matatu yaliyofuata kila tuta la barabarani lilinikumbusha makofi yale, na dereva wa bajaji aliyekuwa akinipeleka kazini alifikia hatua ya kupunguza mwendo kabla sijamwomba.

Sasa ukali wenyewe ni kitu gani? Hapa ndipo naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu neno hili limetumiwa vibaya likawa na maana ya kelele na kukunja uso. Kulinyanyua dumu la kilo 20 kwa mita moja ni kazi ya takribani jouli 196. Ukilinyanyua mara 50, umefanya jouli 9,800, na hiyo haibadiliki hata ukitumia asubuhi nzima. Kinachobadilika ni muda. Ukimaliza kwa sekunde 300, nguvu uliyolipatia dumu ni wati 33 hivi, yaani jouli 33 kila sekunde; ukimaliza kwa sekunde 200, ni wati 49. Huo ndio ukali: kazi ileile, muda mfupi zaidi. Kwa hiyo saa ya mkononi ni kifaa cha mazoezi sawa na chuma, na kwa hiyo pia ule unyanyuaji wa nusu, ambao dumu halifiki juu, ni wizi wa mizani. Umepunguza kazi, halafu unajisifu kwa kasi.

Ushahidi kwamba muda mfupi wenye ukali una faida haukuanzia kwa watu wa CrossFit. Mwaka 1996 mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya majuma sita ya mazoezi ya baiskeli: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka, na uwezo wa kufanya kazi bila kuitegemea oksijeni ukaongezeka kwa asilimia 28. Lakini soma masharti. Kasi ilikuwa imewekwa kwenye asilimia 170 ya kiwango ambacho mtu hufikia kilele cha matumizi ya oksijeni, na walioshiriki walimaliza wakiwa wamekwisha kabisa. Mtu anayefanya "Tabata" ya dakika 40 huku akizungumza na jirani yake anafanya jambo zuri kwa afya yake, ila si hilo.

Ukali huo ni wa mtu na mwili wake. Kwenye kundi letu yupo mwalimu mstaafu, tunamwita Mzee, ambaye zoezi lake la kuchuchumaa ni kukaa kwenye benchi na kusimama bila kujishika popote. Karibu naye kuna kijana ambaye huchuchumaa na dumu begani. Wote wawili wanahema kwa namna moja, na kwa hoja hii huko kuhema ndiko kunakohesabiwa. Glassman alishikilia kwamba mahitaji ya mzee na ya mwanariadha hutofautiana kwa kiwango wala si kwa aina, na katika hili nakubaliana naye bila masharti: Mzee akishindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono, amepoteza uhuru wake.

Ninapotofautiana na wafuasi wake wengi ni kwenye kubadilishabadilisha. Ni kweli kwamba mwili unaofanya jambo moja kila siku hulizoea, na kwamba maisha hayakupi taarifa kama leo utakimbia, utabeba au utapanda. Lakini kubadilisha si kupiga ramli. Usipolirudia zoezi lilelile baada ya muda, utajuaje kama umesogea? Sisi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hufanya kipimo kiitwacho Cindy, maana CrossFit walivipa vipimo vyao majina ya wanawake: kujivuta kwenye bomba mara 5, pushapu 10, kuchuchumaa 15, raundi nyingi kadiri mtu awezavyo kwa dakika 20. Kwenye daftari langu raundi za mara ya kwanza ni 7, tena miguu ikiwa imesaidiwa na mpira wa kuvutika kwenye kujivuta. Za mwezi uliopita ni 14, bila mpira.

Kuna hatari moja ambayo sitaipitia kwa haraka. Mtu anayerejea baada ya miezi ya kukaa, akajivuta na kuchuchumaa mamia ya mara siku ya kwanza, tena kwenye joto na bila maji ya kutosha, anaweza kuivunjavunja misuli kiasi kwamba yaliyomo ndani yake yakamwagika kwenye damu na kuyaumiza mafigo. Dalili zake ni misuli kuvimba na kuuma kupita kiasi, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiuona mkojo huo, usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hali yetu ya hewa huongeza mtego, kwa kuwa hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, nawe ukadhani hujapoteza maji. Ndiyo sababu Oktoba na Novemba hatufanyi lolote la ukali baada ya saa mbili asubuhi, na mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo haanzi kabla hajaonana na daktari.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. CrossFit wenyewe hushauri nyama, mboga, karanga na mbegu, wanga kidogo, sukari hapana. Karanga tunazo, mlenda tunao. Ugali wa uwele sijauacha na sina mpango wa kuuacha.

Ijumaa iliyopita kocha alimruhusu Mzee, kwa mara ya kwanza, ashike dumu lenye lita 5 anapokaa na kusimama. Alikaa, akasimama, akaniambia nisimhesabie kwa sauti. Alipofika mara ya kumi na mbili kisigino cha kulia kilianza kuinuka, kocha akamwambia aliweke chini, naye akaliweka taratibu, akachukua kopo na kuanza kuyachota maji kupeleka kwenye mwembe wa kwanza.