Ana undugu na wewe?

Mitihani ya mock imeisha, send-off ya mdogo wangu imefana, Baba karuhusiwa hospitali. Namshukuru Mungu kwa yote. Ila tangu Jumanne kichwani mwangu linazunguka swali moja tu la mwalimu wa nidhamu.

Yule kijana wa Kidato cha Pili niliyewasimulia alichelewa tena. Nikamkuta kapigishwa magoti nje ya ofisi, fimbo iko tayari. Nikasema, "Mwalimu, naomba nizungumze naye kwanza."

Akanitazama. "Ana undugu na wewe?"

"Hapana."

"Basi Madam, nenda kafundishe."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kicheko nimekisahau, swali limekataa kutoka. *Ana undugu na wewe?* Nalisikia nikiosha vyombo, nalisikia nikisali. Kama mtoto asiye wa damu yangu hanihusu, pale shuleni nimeajiriwa kufanya nini?

Jumatano usiku nikafungua *Kumbukumbu za Oratorio* za Don Bosco, padre Mwitaliano mlezi wa vijana maskini (oratorio ni kituo chake cha kuwakusanya na kuwalea), nikaenda moja kwa moja Torino, tarehe 8 Desemba 1841, sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Padre wa miaka 26 anajiandaa kwa Misa. Mtunza sakristia anamtimua kijana kwa kipigo kwa sababu hajui kutumikia. Padre anapomkemea, anajibiwa: wewe inakuhusu nini? Naye anasema inamhusu sana, huyo ni rafiki yake, aitwe mara moja.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, lakini safari hii nilishtuka. Rafiki gani? Hakuwa anamjua hata jina! Kwamba anaitwa Bartolomeo Garelli, ni yatima kutoka Asti, ana miaka 16, hajui kusoma wala kuandika, yote hayo aliyajua alipomkalisha na kumwuliza. Alimwita rafiki kwanza, habari zake akazipata baadaye.

Aliyaandika hayo miaka ya 1870 kwa agizo la Papa Pius IX, yasomwe na Wasalesiani, watawa wa shirika alilolianzisha. Kitabu kilichapishwa 1946, yeye keshafariki zamani. Mimi najifunza humo malezi kuliko katika maelezo yake ya 1877 kuhusu mfumo wa kuzuia, yaani kumlea mtoto kwa upendo na kuwa naye karibu kabla hajakosea badala ya kumwadhibu baadaye, ingawa nayo nayapenda. Humu anasimulia waliomlea yeye mwenyewe. Yumo mama yake Margherita, mjane. Wamo mapadre aliowaamkia njiani utotoni, wakaitikia na kupita zao, akamlilia mama yake kwamba yeye akiwa padre atawasogelea watoto. Yumo mzee Padre Calosso, aliyemfundisha na kumwongoza, akafa mwaka 1830 na kumwacha kijana analia asibembelezeke.

Alhamisi mapumziko nikamwita kijana wangu chini ya mwarobaini, nikamwuliza habari za kwao. Kumbe alfajiri anasukuma mkokoteni wa maji, anawapelekea mama lishe wa stendi madumu yao, ndipo aje shule. Akaongea mpaka kengele ikalia. Nilirudi darasani mwepesi, nafundisha huku natabasamu. Mwalimu wa nidhamu akiniuliza tena mbele ya benchi lote, nitamjibu: ndiyo, ana undugu na mimi. Na Jumatatu nitakwenda kwa mkuu wa shule kuomba huyu mtoto apangiwe muda wake.

Dada kapiga simu sasa hivi. Dumuzi wameingia kwenye mahindi ya Baba, dawa tuliyoweka haikufua dafu, na Baba hajaambiwa.