Kabla hujampa mtu shingo yako akutibu kizunguzungu

Ukijigeuza kitandani na dari ikazunguka kwa sekunde 10 au 20, kisha ikatulia yenyewe, usikimbilie kunyooshwa shingo. Anza na sikio.

Katika sikio la ndani mna chembe ndogo za kalsiamu kabonati, zimelala juu ya utando wenye ute, na kazi yake ni kuujulisha ubongo kichwa kimeinama kiasi gani. Umri, pigo la kichwa au kulala kitandani kwa muda mrefu huweza kuzing'oa, zikadondokea katika mmoja wa mifereji mitatu ya nusu duara, mara nyingi ule wa nyuma. Ukilala, zinateremka na kuyasukuma maji ya mfereji, na ubongo unaambiwa kwamba unazunguka ilhali umetulia. Hapo pingili za shingo hazina hatia.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji mashine. Madaktari Dix na Hallpike walieleza kipimo chake mwaka 1952. Kaa kitandani umenyoosha miguu, mto uwe nyuma yako mahali ambapo mabega yatatua. Geuza kichwa nyuzi 45 kulia, kisha lala chali kwa haraka, kichwa kikiinamia nyuma kidogo kupita mto. Mwenzako akuangalie machoni. Yakianza kurukaruka baada ya sekunde chache, yakipanda kuelekea paji la uso huku yakizunguka, na yakatulia kabla ya dakika moja kwisha, chembe ziko sikio la kulia. Pima na kushoto pia. Mwenye shingo mbovu, au aliyewahi kuvunjika pingili, asijipime mwenyewe nyumbani.

Tiba inaendelea palepale, kwa njia ya John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Oregon. Kama ni sikio la kulia, baki hapo ulipo sekunde 30, au mpaka macho yatulie. Bila kuinua kichwa, kigeuze nyuzi 90 hadi kitazame kushoto, subiri tena sekunde 30. Sasa lalia ubavu wa kushoto, mwili na kichwa vigeuke pamoja, pua ielekee sakafuni. Sekunde 30 nyingine, kisha inuka ukae, kidevu kikiwa karibu na kifua. Mtu awe karibu wakati wa kuinuka, maana wengine huyumba vibaya hapo.

Wengi hukwama katika hatua ya pili: wanainua kichwa ili wakigeuze, na chembe zinarudi nyuma ndani ya mfereji. Wengine hufupisha kusubiri kwa sababu kichefuchefu kimewabana, au wanatibu sikio ambalo halikupimwa. Na kama macho yanakwenda kulia na kushoto badala ya kupanda juu, chembe ziko mfereji wa pembeni, na njia hii haitazifikia hata ukiirudia wiki nzima. Mfereji huo una njia yake nyingine ya kugeuza kichwa. Vidonge vya kizunguzungu navyo, sinarizini kwa mfano, hupunguza hisia tu wala havisogezi chembe. Mzee akivimeza miezi na miezi anaweza kuishia kutetemeka mikono.

Shingo inaingiaje basi? Kiropraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo na shingo kwa mikono, ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895 kwa D. D. Palmer. Mwanawe, B. J. Palmer, alikuja kushikilia katika miaka ya 1930 kwamba penye kazi ni juu kabisa, kwenye atlasi, pingili ya kwanza inayobeba fuvu, na aksisi iliyo chini yake. Wafuasi wa mkondo huo hupiga eksirei, hupima mkengeuko wa atlasi, kisha huisukuma kwa nguvu ndogo sana, mara nyingi bila ule mlio wa viungo kualika. Mimi eksirei hizo sizitegemei: ukiinamisha kichwa kidogo tu wakati wa kupigwa picha, vipimo vinabadilika. Na ushahidi kwamba kuisogeza atlasi kunatibu kizunguzungu ni mwembamba, mwingi ukiwa taarifa za wagonjwa mmoja mmoja.

Hata hivyo kizunguzungu cha shingo kipo. Misuli midogo ya kisogoni imejaa vihisio vinavyoueleza ubongo kichwa kimeelekea wapi. Shingo ikijeruhiwa, tuseme kwenye ajali ya gari, taarifa zake hugongana na za macho na sikio. Mtu huyu hasemi chumba kinazunguka. Anasema anayumba, kichwa chepesi, na kisogo kinauma wakati huohuo. Mkalishe kwenye kiti cha kuzunguka, mshikilie kichwa kisisogee, kisha mwambie ageuze mwili. Akipata kizunguzungu, shuku shingo, kwa maana sikio halikusogea.

Anayefaa hapo ni mtaalamu wa fiziotherapia mwenye mkono mtulivu, pamoja na zoezi la tochi. Vaa tochi ya kichwani, kaa sentimita 90 kutoka ukutani, tia alama mwanga unapogonga. Fumba macho, geuza kichwa, rudi katikati, fumbua. Ukikosa alama kwa zaidi ya sentimita 7 hivi mara kwa mara, vihisio vinakudanganya. Rudia kila siku, kulia, kushoto, juu na chini, na utaona umbali ule ukipungua.

Usikubali kusokotwa shingo kwa ghafla, iwe ni na mtaalamu wa kiropraktiki au kinyozi anayemalizia kunyoa kwa kuialisha shingo yako pande zote mbili. Ateri mbili za ubongo hupanda ndani ya matundu ya pingili za shingo, na zikifika atlasi hupinda kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu. Msokoto wa nguvu unaweza kuchana ukuta wake wa ndani, damu ikaganda, kikafuata kiharusi. Hutokea kwa nadra. Lakini mchaniko huo, hata ulioanza wenyewe, hujitokeza kwanza kama maumivu ya shingo na kizunguzungu, dalili zilezile zinazompeleka mtu kunyooshwa.

Kwa hiyo maumivu mapya ya shingo au kichwa ambayo hujawahi kuyaonja, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kufa ganzi, kushindwa kumeza au kutembea: hayo ni ya hospitali, saa hiyohiyo, na shingo isiguswe njiani.