Vyumba viwili vya nyuma

"Umevuta vyote?" rubani aliniuliza.

"Vyote, kapteni."

Nilikuwa na miaka 19, kazi yangu kusaidia kwenye boti la kuwapeleka wageni kuona viboko pale Dunga, Kisumu. Ndege yake ilikuwa imelala kando ya boti letu usiku kucha. Haikuwa na magurudumu. Ilikalia kitu kama mitumbwi miwili ya bati iliyofunikwa juu. Ndege za majini nilizijua kwa hadithi za babu tu, zile kubwa za Imperial Airways zilizokuwa zikitua Kisumu miaka ya 1930. Hii ilikuwa ndogo, watu wanne kwa kubanana.

Kila mtumbwi ulikuwa na vyumba sita ndani, kila chumba na kizibo chake. Maji hupenya kidogo kidogo, kwa hiyo kabla ya kuruka lazima yavutwe kwa pampu ya mkono. Rubani aliniahidi shilingi 200. Upande wa kulia nilimaliza vyote sita. Kushoto nilikuwa nimefika cha nne mzee wa boti aliponiita: "We kijana, wageni wamefika!" Hivyo vinne havikuwa na maji ya maana. Viwili vya nyuma nikaviacha.

Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Asiyejua angesema hayo ndiyo maji ya kurukia. Kumbe maji yaliyolala hung'ang'ania ile mitumbwi, na Kisumu nako ni juu, mita 1,134. Hewa nyepesi huinyima injini nguvu. Rubani alilijua hilo, akamwomba mzee azungushe boti mbele yake ayavuruge maji. Tukazunguka mara tatu, wageni wakipiga picha, kisha tukajitenga pembeni.

Ikaja kwa mngurumo. Mtumbwi wa kulia ukanyanyuka. Wa kushoto ukabaki umeinamia nyuma, unalima maji, na ndege ikaanza kupinda taratibu kuelekea kwenye kisiwa kidogo cha gugumaji ambacho sote tulikuwa tumekiona. Bawa la kushoto likagusa. Nilichokiona baadaye ni ile mitumbwi miwili ikiangalia mbinguni.

Rubani alikuwa peke yake. Tulipomfikia alikuwa ameshatoka, ameshikilia bati, kiatu mguu mmoja, damu kidogo kwenye nyusi.

"Gugu hili litatumaliza," mzee alisema, na kila mtu pwani akakubali. Rubani pia. Mimi nilitikisa kichwa pamoja nao.

Jioni wavuvi waliikokota hadi ufukweni kwa kamba za nyavu. Vyumba vyote 12 vilikuwa vimejaa maji. Cha nne na cha tano havikuwa na tofauti yoyote. Nilivihesabu mara mbili.

Kabla ya kuondoka, rubani aliniita kando. Akatoa noti ya 200 kwenye suruali yake iliyolowa, akanipa. Niliianika kwenye ukingo wa boti, nikaiwekea jiwe juu.