Nilivyofunga paa la Likoni kusubiri Kimbunga Hidaya, kwa amri za ami na shangazi

Tangazo la Kimbunga Hidaya lilipotoka mwanzoni mwa Mei 2024, ushauri wa kwanza kunifikia ulikuwa nipandishe mawe juu ya paa. Wa pili, niache madirisha wazi "upepo upate pa kupitia". Wa tatu ndio ulioniudhi kuliko yote: nisijisumbue, Mombasa haipigwi na kimbunga.

Nianze na huo wa tatu. Ni kweli huku kwetu tufani ni nadra. Tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na ukikaribia ikweta, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo huwa dhaifu, kwa hiyo tufani hukosa cha kuizungusha. Lakini Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini. Aprili 1952 ikapigwa Lindi. Hidaya chenyewe kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, na kutoka Mafia hadi kwetu Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, si mbali kwa upepo. Mtu akikwambia haiwezekani, muulize 1872 ilikuwa nini.

Mimi nimelelewa na watu wawili waliojua haya bila kuambiwa na redio. Ami yangu alikuwa nahodha, na dada yake, shangazi yangu, ndiye aliyeshika nyumba. Tuliwaogopa wote wawili. Ukiitwa na shangazi waitika "Labeka" huku ushaanza kukimbia, na ukifika mbele ya ami watoa shikamoo, wangoja, wala huulizi kwa nini. Kusi ikikaribia kuingia, kama mwezi wa nne hivi, ami alikaa barazani na tasbihi mkononi akitazama bahari. Sisi tukidhani anavuta uradi. Kumbe alikuwa akihesabu mawimbi: punje ngapi zapita vidoleni kati ya wimbi moja na la pili. Mawimbi ya upepo wa karibu hufuatana upesi, sekunde 5, 6, 7. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali huja taratibu, yamepishana sekunde 10 na zaidi, mazito, na huwasili kabla ya dhoruba yenyewe. Bahari ikivimba hivyo na hakuna upepo, ami aliweka tasbihi mfukoni na kusema neno moja tu: "Fungeni." Baada ya hapo nyumba nzima haikuwa na mtu wa kucheka.

Amri zao zilikuwa na mpangilio, na ndio nilioufuata: paa kwanza, halafu miti, halafu uani, halafu maji na chakula, milango mwisho. Paa hutangulia kwa sababu hakuna anayepanda juu upepo ukishaanza, na mkwezi hapandi mnazi uliolowa.

Sasa yale mawe. Jirani mmoja aliyafuata maneno hayo, akapandisha mawe na matairi mawili ya gari. Nilimwambia asifanye, akasema ameona nyumba nyingi zina mawe. Hesabu yenyewe ni hii. Upepo wa kilomita 70 kwa saa unaweza kunyonya ukingo wa paa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 20 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa mita hiyo. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ili mawe yashinde hapo, ungehitaji kulijaza paa zima, na makombamoyo, miti ya mteremko inayobeba paa, yangevunjika kabla ya upepo kufika. Kwa jirani, waliopanda walikanyaga katikati ya mabati badala ya kufuata mistari ya misumari, ambako chini yake kuna pau, fito zinazopigiliwa mabati, na mabati yakabonyea. Matairi yakajaa maji ya mvua. Maji yaliyotuama kwenye mabonyeo yakapata matundu ya misumari iliyolegea, yakashuka juu ya kitanda. Mawe mawili yaliteleza hadi ukingoni, juu ya mlango ambao watoto wanapita. Hiyo ni mvua na upepo wa kawaida wa wiki ile. Upepo ungekuwa wa kweli, kila jiwe lingekuwa kombora.

Paa halizuiwi kwa uzito, hufungwa. Bati hushikwa na pau, pau hushikwa na kombamoyo, kombamoyo hushikwa na mtambaapanya, yaani mti unaolazwa juu ya ukuta, mtambaapanya hushikwa na ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote havina kazi. Nyumba nyingi za Likoni zimepigiliwa misumari hadi kwenye mtambaapanya, kisha huo mtambaapanya umelazwa tu juu ya ukuta, umeshikwa na uzito wake na udongo kidogo. Hapo ndipo paa zima huondoka likiwa kipande kimoja.

Ami alifunga kwa kamba ya usumba na kijiti cha mkoko. Mimi nilitumia waya wa kufungia nondo na vipande vya nondo nyembamba, urefu wa shubiri. Waya uukunje upate nyuzi nne. Uuzungushe juu ya pau na kombamoyo kwa pamoja, ushuke nao upande wa ndani, uvuke chini ya mtambaapanya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushiki msumari wala kulabu, huchomoka na vumbi lake. Kwa hiyo toboa tundu kwenye kiungo cha chokaa, kama nusu mita chini ya mtambaapanya, upitishe waya hadi nje, na huko nje uuzungushe kwenye kipande cha nondo kilicholala ubavu juu ya mawe mawili. Ukuta wenyewe ndio unakuwa nanga.

Kisha unakuja ule ufundi wa ami. Ingiza kipande kingine cha nondo katikati ya zile nyuzi nne, ndani ya nyumba, na usokote. Kila mzunguko wavuta paa chini. Utasikia miti ikilia kidogo ikikaa mahali pake, hiyo ni sawa. Waya ukianza kung'aa na kukonda pale penye kijiti, simama, rudisha nusu mzunguko, la sivyo utakatika usiku wakati unauhitaji. Kijiti ukifunge kwenye kombamoyo kisijirudishe. Ukimaliza, piga kila waya kwa kidole: zote zitoe sauti inayokaribiana. Wenye sauti nzito bado umelegea. Ami alitupitisha sisi watoto fundo baada ya fundo, avute kila moja kwa mkono wake, na lililosogea hakusema kitu, alilitazama tu, nasi tukalifungua upya mikono ikitetemeka.

Pembe nne kwanza, kila kombamoyo. Kwingineko kila kombamoyo la pili latosha. Paa la baraza lifungwe peke yake, lisiungane na la nyumba, ili likienda liende lenyewe.

Misumari ya mabati ipigwe kwenye mgongo wa mkunjo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Ukingoni na kwenye kipeo, kule juu kabisa paa linapokutana, piga kila mgongo. Hewa ya chumvi hula shingo ya msumari, kichwa kinabaki kizuri cha kutazamwa tu. Shika kichwa kwa vidole ukizungushe, kikizunguka toa. Usirudishie mpya kwenye tundu lile lile, sogea mgongo unaofuata, na tundu la zamani lizibe kwa kitambaa na lami.

Kuhusu madirisha, sijui nani aliyeanzisha habari ya kuyaacha wazi. Upepo ukiingia hauna haja ya kutoka, hujaza nyumba kama tanga, unasukuma paa kutoka ndani huku juu likinyonywa. Fungeni yote, na kwanza yanayotazama upepo. Hapa watu wengi hukosea upande. Tumezoea kusi itokayo baharini, lakini tufani za kusini ya ikweta huzunguka kama mshale wa saa. Kitovu kikiwa kusini yetu, Mafia kwa mfano, upepo hutujia kutoka magharibi, upande wa bara. Kwetu huo ni upande wa uani, wenye mlango dhaifu kuliko yote. Niliuwekea boriti ya kukingama kwa ndani, kwenye vishikio vya chuma vilivyopita ukuta.

Jiko la uani limeezekwa makuti, na makuti hayafungwi kwa waya, waya huyakata. Tulitandaza jarife kuukuu, wavu mkubwa wa kuvulia, juu ya vipaa vyote, likavutwa kwa kamba hadi kwenye vigingi vilivyozama karibu goti, vimelalia nje. Jarife linashika kila kuti bila kulizuia kupumua. Lilikuwa la bure, kutoka kwa wavuvi. Waya, misumari, lami na mkwezi vilinila kama elfu saba hivi, pengine nane.

Mkwezi ateremshe nazi zote, madafu, na makuti makavu. Usimwache akate makuti mabichi hadi mnazi ubaki na shada dogo juu. Mnazi umeumbwa kuinama.

Kabla ya kuhofia maji ya bahari, angalia mwezi. Shangazi hakuhitaji kalenda. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapa Mombasa bamvua hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, hayafiki nusu ya hapo. Tarehe 4 Mei ilikuwa 25 Mfunguo Mosi (Shawwal), maji bado madogo, yanaanza tu kupanda kuelekea bamvua. Hilo lilitupunguzia hatari ya pwani kuliko jambo lingine lolote. Kimbunga hicho hicho kingekuja na bamvua la saa kumi, ningehamisha watu wa nyumba zilizo karibu na maji.

Mitungi tulijaza yote mapema, ya kunywa mbali na ya kufulia, ikiwa imefunikwa. Visima vyetu viko karibu na vyoo vya shimo, na mvua kubwa huvichanganya, kwa hiyo maji ya kisima baada ya dhoruba yachemshwe hata yakiwa meupe. Chakula ni kile cha shangazi: mikate ya mofa, tende, ng'onda (samaki wa kukaushwa), kahawa. Vyote vyakaa bila friji. Nunueni upande huu mapema, msitegemee feri. Stima tulizima kwenye swichi kubwa maji yalipokaribia kizingiti.

Na jambo moja shangazi alilolisema kwa ukali kuliko yote, hadi leo nalisema kwa sauti yake: jiko la makaa halilali ndani na watu. Nyumba imefungwa madirisha yote, watoto wana baridi, mtu ataona ni huruma kuliingiza. Moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Pika kabla, zima, lala na shuka mbili.

Hidaya kilidhoofika kilipofika nchi kavu, na sisi tukapata mawimbi na mvua na upepo wa vipindi. Paa halikusogea. Wanaosema tulijisumbua bure hawajaona kusi ya mwezi wa sita ikipita juu ya nyumba iliyofungwa.

Hali ikitulia, jarife liondolewe, maana likikaa hushika unyevu na makuti huoza. Waya uacheni. Ukague kila mwaka kabla ya mwezi wa nne, hasa kwenye tundu la ukutani, ndiko kutu inakoanzia. Wangu wa pembe ya uani ulishaanza kubanduka magamba, nikaubadilisha kwa waya mnene wa zinki na kuupaka rangi ya mafuta pale unapoingia ukutani.